Kondoo wa Kizamani na Mashoka ya Olorgesailie

Wahenga walisema, kipya kinyemi ingawa kidonda. Maneno hayo humjia mtu asimamapo katika mnada wa mifugo wa Bissil, au ule wa Kiserian, akasikiliza jinsi wauzaji na wanunuzi wanavyobishana. Kondoo mnene mwenye mwili mweupe na kichwa cheusi, yaani yule aitwaye Dorper, au chotara wake, huzungukwa na watu mara moja. Kondoo mwekundu wa Kimasai, mdogo wa kimo, mwenye mkia wa mafuta, husimama pembeni akatajiwa bei ndogo, na mnunuzi huongeza neno la kumvunja moyo mwenyewe: "Huyu ni wa kizamani."

Juma hili nataka tulitazame neno hilo, kwa maana ni neno dogo lililokwisha wapotezea watu mali. Asemaye "kizamani" hudhani ya kuwa vitu vyote vya dunia vimepangwa kama ngazi: cha chini ni kibovu, cha juu ni bora, na apandaye hana haja tena na kipago alichokwisha kukanyaga. Lakini sivyo viumbe vilivyopatikana, wala sivyo vyombo vya watu, wala desturi zao. Hali yake hufanana zaidi na ya ukoo. Kila kilichopo kimezaliwa na kilichotangulia, nacho kimebeba baadhi ya damu yake. Tena katika ukoo si lazima mtoto ampite mzazi kwa kila jambo. Ushahidi wa maneno haya upo hapa hapa Kajiado, ardhini, majini na nyumbani mwa watu. Tuanze na ule wa ardhini, ulio mkongwe kuliko wote, kisha tutarudi zizini kwa kondoo wetu.

Atokaye Nairobi kwa barabara ya Magadi hupita Kiserian, akateremka Bonde la Ufa na joto lake, na baada ya maili arobaini hivi hufika Olorgesailie, chini ya mlima wa jina hilo hilo. Hapo zamani palikuwa na ziwa. Mtaalamu wa miamba, J. W. Gregory, aliyaona mawe yaliyochongwa mahali hapo mwaka 1919. Na mwaka 1942 Louis Leakey na mkewe Mary wakayakuta yamelala wazi juu ya ardhi, mamia kwa mamia, kana kwamba wenyewe wameyaweka jana wakaenda kunywa maji. Mwaka 1947 pakafunguliwa kwa watu kutazama, na hata leo mgeni hupita juu ya daraja la mbao, akayaona mawe yale pale pale yalipoachwa.

Mawe yenyewe ni mashoka yasiyo na mpini. Yana umbo la jani pana: ncha upande mmoja, kitako upande wa pili, na makali yaliyozunguka pande zote. Mtu aliyashika kiganjani akachinjia, akakatia miti, akachimbia. Kwanza, nayo hayakutokea hivi hivi tu. Kabla yake palikuwa na mawe ya mtoni yaliyopasuliwa mara mbili tatu ili kupata ukali, kama yale yaliyofukuliwa Olduvai, Tanzania. Na aliyechonga shoka alikuwa akiendeleza kazi ya mpasua mawe, akizungusha makali mpaka yakakutana. Pili, na hili ndilo la kustaajabisha, shoka la zamani kabisa la Olorgesailie lina umri wa miaka milioni moja na laki mbili hivi, na la mwisho miaka laki tano hivi. Kwa muda wa miaka laki saba umbo lile lilidumu bila ya mabadiliko makubwa.

Wako watakaocheka na kusema kwamba watu wale walikuwa wajinga, wasioweza kubuni lolote. Mimi sioni hivyo. Kifaa kilichowatosha watu miaka laki saba hakikuwa kifaa kibaya. Jembe letu la mkono halijafikia hata sehemu ndogo ya umri huo. Shoka lile lilifaa kwa nchi ile: maji yalikuwapo, majani yalikuwapo, na mawe ya kuchonga yalipatikana karibu, mengi yake ndani ya maili tatu hivi.

Kisha nchi ikageuka. Wachunguzi wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya pamoja na wenzao wa Smithsonian ya Marekani, wakiongozwa na Rick Potts, wamefanya kazi pale tangu mwaka 1985. Mwaka 2012 walitoboa ardhi ya uwanda wa Koora, ulio karibu, wakatoa mhimili wa udongo wenye urefu wa mita 139, ambao ni kama daftari la miaka milioni moja. Ndani yake wakasoma ya kwamba tangu miaka laki nne hivi iliyopita mambo yalivurugika: ardhi ilipasuka kwa nguvu za chini yake, maziwa yakakauka na kujaa tena, majani na vichaka vikawa vinapokezana. Wanyama wakubwa waliokula majani wakatoweka. Alitoweka nyani mkubwa sana, wa jamii moja na yule gelada wa Ethiopia. Akatoweka tembo wa namna ya kale. Akatoweka punda milia mkubwa. Waliosalia na kuenea ni jamaa zao wenye miili midogo, wasiohitaji malisho mengi, wala wasiochagua sana chakula. Ukumbuke jambo hili, msomaji, kwa kuwa tutalikuta tena.

Na vifaa vya mawe vikageuka pia. Mashoka ya mwisho mwisho yalikwisha anza kupungua ukubwa, na ilipofika miaka laki tatu na ishirini elfu iliyopita, mashoka makubwa hayapo tena. Pahali pake pana ncha ndogo, kali, za kufungwa kwenye mti. Baadhi yake zilichongwa kwa jiwe jeusi la volkeno ling'aalo kama chupa, na jiwe hilo halipatikani pale. Lilitoka mbali, maili kumi na tano hata karibu sitini. Maana yake ni kwamba watu walisafiri, au walikuwa na jirani wa kubadilishana nao. Tena yalionekana madonge ya udongo mwekundu na mweusi wa kupakia rangi. Habari hizi zilitangazwa mwaka 2018. Lakini angalia mkono wa fundi: yeye atengenezaye ncha ndogo alilipanga kwanza jiwe zima, akijua ni wapi atapiga ili kipande kimoja kiruke kilicho tayari. Maarifa ya kulijua jiwe hata kabla ya kulipiga aliyapata kwa waliokuwa wakipasua miamba kwa ajili ya mashoka. Shoka limekufa, mkono wa mwenye shoka haukufa.

Sasa tuendelee mbele kwa barabara ile ile, mpaka mwisho wake. Magadi ni ziwa la magadi kweli, jeupe, lenye kuchoma macho. Katika chemchemi za kando yake maji hutoka ya moto, nayo ni makali kiasi cha kudhuru samaki wa kawaida kwa muda mfupi. Lakini humo huishi samaki mdogo kama kidole, wa jamii ya perege, astahimiliye joto la digrii arobaini za sentigredi na zaidi kidogo. Amefikaje? Hakupelekwa na mtu. Zamani za mvua nyingi, Magadi na ziwa la Natron la Tanzania yalikuwa ziwa moja kubwa la maji yanayofaa samaki, na mifupa ya jamaa zake hupatikana katika matope ya kale ya ufukoni. Ziwa likapungua, magadi yakazidi, na kila kizazi cha samaki kikawa kinapungukiwa na wale wasiostahimili. Waliobaki ndio waliozaa.

Jinsi astahimilivyo ni jambo ambalo mkulima atalielewa kwa urahisi. Samaki wengine hutoa taka ya miili yao kwa njia ya amonia, nayo hupita katika matamvua ikayeyuka majini. Katika maji ya Magadi amonia haipiti vizuri. Ingemrudia samaki ikamwua. Basi huyu huigeuza kwanza ikawa yurea, ambayo ndiyo hiyo hiyo tununuayo katika magunia ya mbolea, na ambayo mtu na ng'ombe huitoa katika mkojo. Na huko Natron wamo ndugu zake waliotofautiana midomo, mwingine mpana wa midomo, mwingine amegeuzia kinywa chini, kila mmoja kwa namna anavyojipatia chakula chake. Katika miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960 samaki wa Magadi walipelekwa ziwa Nakuru ili wale viluwiluwi vya mbu. Wakastawi, na ndege waitwao mwari wakaja kwa makundi kuwafuata. Hayo ya mwari hayakuwamo katika shauri.

Tukija nyumbani mwa watu, mambo ni yale yale, ila hapa mchaguzi ni mtu mwenyewe. Tazama viatu vya akala. Vimekatwa katika mpira wa gurudumu la gari, kitu kisichojulikana na babu zetu, lakini umbo lake na mikanda yake ni ya kiatu cha ngozi ya ng'ombe kilichovaliwa kabla ya gari la kwanza kufika nchi hii. Tazama sime: chuma chake siku hizi mara nyingi ni springi ya lori, na ala yake ni ile ile ya ngozi iliyopakwa rangi nyekundu. Mkuki wa Kimasai ulio katika makumbusho, wa karne ya 19, aghalabu una bapa fupi na pana kama jani. Baadaye, wahunzi wa Ilkunono walipopata chuma kingi zaidi cha kununua, bapa likarefuka na kuwa jembamba. Hata rungu la leo huweza kuwa na nati ya gari kichwani, pahali palipokuwa na kifundo cha mti.

Lakini si kila badiliko ni faida tupu, na kibuyu cha maziwa ni mfano mzuri. Mama wa Kimasai husafisha kibuyu kwa kaa la moto la mti wa oloirien, yaani mzeituni wa mwituni. Hulisugua ndani mpaka kibuyu kikawa na harufu ya moshi, na moshi huo huzuia vijidudu vya kuchachisha ovyo, maziwa yakakaa siku kadhaa bila kuharibika. Ukaja mtungi wa plastiki. Haupasuki, ni mwepesi, hubebwa kwa pikipiki mpaka Kitengela. Faida hizo nazikubali. Ila hauwezi kutiwa kaa la moto. Na auoshaye kwa maji haba ya kiangazi huacha uchafu katika pembe zake, kesho yake maziwa yakakataliwa na mnunuzi. Mtungi umechukua umbo la kazi ya kibuyu, ukaacha dawa yake. Mitungi ya madini, ambayo huweza kuoshwa kwa maji ya moto, imekuja kutengeneza kosa hilo, lakini bei yake si ya kila mtu.

Na desturi je? Nitasema machache tu. Shanga zinazoitwa za asili zilitoka ng'ambo, nyingi zake Venice na nchi ya Bohemia, zikapitia pwani mikononi mwa misafara katika karne ya 19. Kabla yake watu walijipamba kwa mbegu, chuma, mifupa na makombe. Zile shanga zilikuwa mtindo wa vijana, na hapana shaka walikuwapo wazee walionung'unika. Lakini mpango wa rangi na maana zake ni wa Wamasai wenyewe. Sherehe za marika za Enkipaata, Eunoto na Olng'esherr ziliandikwa na UNESCO mwaka 2018 katika orodha ya urithi uhitajio kulindwa upesi. Nazo siku hizi hupangwa mara nyingi wakati wa likizo za shule, ili kijana asikose masomo. Sherehe ni ile, kalenda ni nyingine.

Basi turudi zizini.

Kwanza huyo Dorper aitwaye wa kisasa: yeye ni nani? Alipatikana Afrika Kusini katika miaka ya 1930 na 1940, kwa kumpandisha kondoo jike mwenye kichwa cheusi kwa kondoo dume wa Dorset wa Uingereza. Jina lake ni vipande viwili vilivyoungwa, Dor ya Dorset, na Per ya neno la Kiingereza la Kiajemi. Lakini Uajemi wenyewe ni jina tu. Wale kondoo wenye vichwa vyeusi asili yao ni nchi ya Wasomali, jirani zetu. Walifika Afrika Kusini karibu na mwaka 1870. Kwa hiyo nusu ya kondoo huyu mgeni ni kondoo wa wafugaji wa Afrika Mashariki, aliyekwenda kusini akarudi na jina jipya. Kama wafugaji wa Kisomali wangalimchinja kondoo wao wote kwa kuwa ni wa kizamani, Dorper asingalizaliwa.

Pili, huyu mwekundu ni nani? Afrika haikuwa na kondoo wa mwituni wa kufugwa. Kondoo walianza kufugwa Asia ya Magharibi miaka elfu kumi hivi iliyopita, wakaingia kaskazini mwa Afrika, wakashuka pamoja na wafugaji. Kwa vizazi vingi mno kondoo wa Wamasai waliishi bila dawa. Minyoo ya tumboni inyonyayo damu iliua wana-kondoo dhaifu, kiangazi kikaua wale wenye tamaa kubwa ya majani, na waliobaki wakazaa waliobaki. Hapana mtu aliyekaa akapanga hayo. Minyoo na njaa ndio waliokuwa wachaguzi. Charles Darwin, aliyeandika kitabu chake mwaka 1859, alilifikia neno hili kwa kuwauliza wafugaji wa njiwa na wa kondoo huko kwao: mfugaji huchagua, na maumbile nayo huchagua, ila maumbile hayana haraka.

Ndiyo sababu kondoo mwekundu wa Kimasai ametajwa na wataalamu wa dunia nzima kwa kustahimili minyoo. Katika miaka ya 1990 alilinganishwa na Dorper huko Diani pwani, penye unyevu na minyoo mingi, na mwekundu akamshinda vibaya sana, kwa kuwa wana wa Dorper walikufa kwa wingi. Katika nchi kavu ya juu Dorper hajafedheheka. Kwenye majani ya kutosha hukua upesi na uzito wake ni mkubwa, na mfugaji wa Isinya aliye karibu na soko ana haki ya kumpenda. Mwenzake wa upande wa Amboseli, ambako kiangazi ni kikali zaidi, ana sababu zake za kumshikilia mwekundu. Sisemi kwamba Dorper ni mbaya. Nasema tu kwamba hakuna kondoo bora mpaka utaje ni bora wapi.

Kosa lilikuwa jingine. Katikati ya miaka ya 1970 ulifanywa mpango wa kusambaza madume ya Dorper nchini Kenya kwa bei iliyopunguzwa kwa msaada. Uzao wa kwanza, nusu mwekundu nusu Dorper, ulifurahisha kila mtu: mwili mkubwa, tena na ukakamavu wa mama. Watu wakarudia dume lile lile juu ya mabinti, kisha juu ya wajukuu, wala hawakuelezwa vya kutosha jinsi ya kuendesha kazi hiyo kwa miaka mingi. Kila mara damu ya mama ikapungua nusu. Kufika mwaka 1992, wataalamu wa mifugo wa Nairobi walipozunguka Kenya na kaskazini ya Tanzania kutafuta kondoo wekundu halisi, waliwapata wachache mno, ingawa zamani kidogo walikuwa wamejaa kila mahali. Kundi dogo likakusanywa na kutunzwa, na hata hilo halikukosa mchanganyiko kidogo. Usiache mbachao kwa msala upitao, walisema watu wa pwani, na hapa mbacha ulikuwa karibu kuungua.

Ukitaka chotara mwema wa uzao wa kwanza, wahitaji wazazi wawili, na mmoja wao ni mwekundu asiyechanganyika. Akiisha huyo, mnunuzi wa Bissil na fedha yake hawezi kumrudisha, wala chuo hakiwezi. Kwa hiyo mwenye majike thelathini asiyapeleke yote kwa dume la Dorper. Kumi bora katika yale mekundu ayatenge kwa dume jekundu, apate majike ya kurithi kundi. Waliobaki awapandishe kwa Dorper, na chotara wote, madume kwa majike, waende sokoni. Dume jekundu nalo lichaguliwe kwa mwili na kwa afya. Maana wako watu wauzao madume yao makubwa mekundu kwa kuwa yanaleta fedha, wakaacha yale madogo yapande, halafu wakalalamika kwamba kondoo wekundu wanazidi kuwa wadogo. Wamewachagulia udogo wenyewe.

Nakumbusha tena juu ya nchi kugeuka, maana nchi ya Kajiado inageuka mbele ya macho yetu. Sheria ya mwaka 1968 iliyaweka malisho mengi katika mashamba ya vikundi. Tangu miaka ya 1980 mashamba hayo yakagawanywa, na upande wa Kitengela ardhi ikakatwa vipande, vipande vikauzwa, waya na nyumba za mawe zikasimama mpaka karibu na Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Kundi lililokuwa likihama huacha mayai ya minyoo nyuma katika kinyesi. Kundi lililofungwa ndani ya ekari chache hurudia majani yale yale kila siku, na viwavi vya minyoo hupanda juu ya majani yenye umande vikaliwa. Tena mvua ikikosekana hapana pa kuhamia. Waliopita katika kiangazi cha 2008 na 2009, na katika misimu ile mitano ya mvua haba toka mwisho wa 2020 hata 2022, hawana haja ya kuelezwa. Ajabu yake, basi, ni kwamba mfugaji mwenye waya na ekari tano, ambaye ndiye wa kisasa, ndiye ahitajiye zaidi kondoo asiyeogopa minyoo wala asiyekula sana.

Wengine watajibu kwamba dawa ya minyoo ipo dukani. Ipo, lakini minyoo nayo ina ukoo wake. Katika maelfu ya minyoo iliyomo tumboni mwa kondoo mmoja, michache huzaliwa ikiwa na uwezo wa kuvumilia dawa. Ukinywesha dawa, mingi hufa, hiyo michache hubaki, na kwa kuwa jike lake hutaga maelfu ya mayai kwa siku, baada ya misimu michache malisho yako yamejaa watoto wa minyoo iliyoshinda dawa. Hapana mnyoo mmoja aliyejifunza lolote. Ni wewe uliyewachagua, kama vile Magadi ilivyowachagua samaki wake. Minyoo isiyosikia dawa imekwisha onekana Kenya, na kwa zaidi ya namna moja ya dawa. Kupe nao wamefanya vivyo hivyo juu ya dawa za kuogeshea.

Hivyo kunywesha kundi zima kila mwezi kwa mazoea ni kuyaharakisha maovu, na kunywesha kipimo kidogo ili chupa itoshe ni vibaya zaidi. Kondoo apimwe uzito, au akadiriwe kwa haki, apewe kipimo chake kamili. Kabla ya hapo fungua kope lake la chini utazame utando wa ndani: ukiwa mwekundu mwache, ukiwa mweupe umpe dawa, na mwenye uvimbe chini ya taya umshughulikie siku hiyo hiyo. Wale wenye kope jekundu mwaka baada ya mwaka bila dawa, uwatie alama sikioni, kwa kuwa hao ndio mbegu. Na atakaye kujua kama dawa aitumiayo bado ina nguvu, na achukue kinyesi kibichi cha kondoo kumi ampelekee afisa mifugo siku ya kuwanywesha, kisha awapelekee tena cha kondoo wale wale baada ya siku kumi na nne, ili mayai ya minyoo yahesabiwe mara zote mbili.